Pumzi Katika Bomba la Moshi

Katekista alipiga hodi kwenye tangi la petroli kabla ya kuigusa pikipiki yoyote. Aligonga polepole kwa kifundo cha kidole, jinsi mtu anavyogonga mlango wa nyumba yenye mgonjwa, kisha akangoja. Ukimuuliza anangoja nini, alikuwa na jibu tayari: anasikiliza kama petroli ipo. Lakini nilimwona akigonga matangi yaliyotobolewa na kutu, matangi ambayo panya angeweza kupita, na bado akangoja, kichwa kimeinama, mpaka aliporidhika na kitu ambacho sisi wengine hatukukisikia.

Tulimwita Katekista, basi. Jina alikuwa nalo, lakini upande wetu wa Rangwe halikuwa na kazi. Alikuja kwetu kutoka kwa Wakuria, karibu na mpaka, na Kijaluo chake kiliwachekesha watoto, kwa hiyo tuliongea naye Kiswahili, kile cha sokoni, chenye Kijaluo ndani yake kama mchanga ndani ya omena, dagaa wetu wa ziwani. Jumapili ambayo padri wa Asumbi hakufika, yeye ndiye aliyetuongoza kusali. Mtu akifa, yeye ndiye aliyesoma sala kaburini. Siku nyingine zote alikuwa nyuma ya kanisa letu dogo, chini ya mabati manne, akitengeneza pikipiki za mapadri, za walimu, na ya daktari wa mifugo ambayo ilinuka ng'ombe hata ilipooshwa.

"Huyu anazika Jumamosi, Jumatatu anafufua," watu walisema. Alipenda sana kusikia hivyo. Alijifanya hapendi.

Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa cheusi, na hakikutakata hata Pasaka. Ndicho kilichokuwa kipimo chake. Alifungua plagi, akakibana kwenye tundu lake, akamwambia mwenye pikipiki apige kiki, kile chuma cha kuwashia kwa mguu. Hewa inayobanwa na pistoni ndani ya silinda ndiyo nguvu yote ya injini, na mafundi wanaiita kompresheni. Ikiwa nzuri, inakitupa kidole kando kwa mlio kama wa chupa inayofunguliwa. "Ikikutupa, iko hai," alisema. "Ikikubusu tu, ujue inaomba msaada." Kwa kidole hichohicho alitupaka majivu siku ya Jumatano ya Majivu. Mwaka mmoja bibi mmoja wa jirani aliligusa paji lake la uso, akanusa vidole.

"Katekista, mwaka huu umenipaka majivu ama oili?"

"Vyote ni vya kukukumbusha utakufa, mama."

"Mimi nilikuwa nakumbuka. Sasa kitambaa changu ndicho kitakufa."

Alikuwa mwongo wa mambo madogo. Alidai aliwahi kutengeneza pikipiki ya askofu, na kila aliposimulia, rangi ya pikipiki ilibadilika. Alimwonea wivu fundi mmoja wa mjini Homa Bay, ambaye hakuwahi kumtaja bila kutema mate. Hakukubali ushauri. Na zaidi ya yote hakuwahi kusema kwamba injini imemshinda. Ikimshinda, alisema inapumzika. Nyuma ya kanisa palikuwa na safu ya pikipiki zilizokuwa zinapumzika, majani yameota kati ya magurudumu yake, na yeye alizipita kila asubuhi akizisalimu.

Katika mafundisho ya komunyo ya kwanza alituambia hakuna jachien, hakuna mzimu wa mtu unaotembea, wafu wako mikononi mwa Mungu na hawana ruhusa ya kutoka. Lakini hakuwahi kuliacha tundu la plagi wazi jua linapozama. Aliziba kwa kitambaa, akapiga ishara ya msalaba. "Kitu kisiingie," alisema. Tukauliza kitu gani. "Vumbi," alijibu, akatukazia macho kama sisi ndio vumbi lenyewe.

Mimi nilimfahamu vizuri zaidi kwa sababu ya pikipiki ya baba yangu.

Ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani sana, silinda moja, nzito kama ndama wa mwaka. Baba aliinunua kwa padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kuiwasha. Ilikuwa na ujanja wake: ukiikanyaga vibaya inarudisha kiki kwa nguvu. Ilimvunja Baba Mkubwa, kaka yake Baba, mfupa wa muundi, na toka siku hiyo aliipita kwa mbali. Baba aliipanda kupeleka nyavu Sindo kuwauzia wavuvi. Asubuhi moja ya mvua aliikanyaga, ikakataa. Akaikanyaga tena, akaacha kabla mguu haujafika chini, akacheka, akasema leo imeamka na kiburi. Akaisukuma ndani ya nyumba isilowe, akapanda lori. Mchana huo, Sindo, alipanda mashua pamoja na watu wengine kwenda visiwani, na mashua ikapinduka. Ziwa lilirudisha wenzake wote, mmoja baada ya mwingine. Yeye hakurudishwa.

Kwetu mtu asiyeonekana anazikwa kwa yago. Ni tunda refu, zito, lenye umbo la mtu aliyelala na kufunikwa. Linafungwa kwa nguo zake, linawekwa kaburini, linaliliwa. Baada ya hapo mtu huyo amekufa, iwe alikufa au la. Wazee walisema hata akija kwa miguu yake hawezi kuingia langoni, kwa maana boma haliwezi kuwa na mtu na kaburi lake kwa wakati mmoja. Na kabla ya yago, hakuna linalotendeka. Nyumba ya mtu ambaye hayupo wala hajafa haiezekwi upya. Nyasi za paa letu zilioza. Mvua iliingia chumbani, ikalowesha magodoro, ikachimba vishimo sakafuni. Mama alisogeza kitanda, kisha akakisogeza tena, mpaka kona kavu zikaisha.

Baba Mkubwa alikuja kila msimu kumsihi. Mama hakubisha. Alimwambia maneno yaleyale: "Siku pikipiki hiyo itakapowashwa na mtu ambaye si yeye, nitawaruhusu mzike." Alijua hakuna. Alikuwa ameufunga mlango na kumeza ufunguo.

Kisha watu wakaanza kusema kuna anayehema ndani ya nyumba yetu.

Mwanamke aliyekuwa akienda mtoni alfajiri alisikia kwanza. Akamleta mwenzake. Walisimama kwenye ua na mitungi yao, wakasikia wote wawili: pumzi ndefu, ya mwanamume, kama ya mtu aliyepanda mlima. Haa. Kimya. Haa. Walifika mtoni bila mitungi. Mimi nililala jikoni na wadogo zangu, kwa sababu ya paa, na sikuwa nimewahi kusikia. Nilipomuuliza Mama, alisema wanawake wa kijiji hiki hawana kazi.

Hapo Baba Mkubwa alimwita Katekista. Nilikuwa nimemaliza shule mwaka huo, na nilikaa kizingitini kuangalia.

"Iwake tu," Baba Mkubwa alimwambia. "Hata mara moja. Hata ikifa hapohapo."

"Iwashwe na nani?" Mama aliuliza kutoka ndani.

Katekista alipiga hodi kwenye tangi. Alingoja muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akingoja. Kisha akasema, kwa sauti ya kanisani, "Mwenye mali, niko hapa kwa kazi," na Baba Mkubwa akakohoa.

Aliishika kiki kwa mkono, akaisukuma chini. Ilishuka laini, kama mguu unaoingia kwenye tope. Akafungua plagi, akaweka kidole gumba. Hewa ilikibusu tu.

"Kompresheni hakuna," alisema. "Mahali fulani inavuja. Tutafute mlango."

Alimimina oili kidogo kwenye tundu la plagi, kiasi cha kijiko. Alinieleza bila kuniangalia: kama ringi za pistoni zimechoka, oili itaziba pengo na nguvu itapanda. Akapima tena. Hakuna kilichobadilika. Ringi ni nzima, alisema. Basi ni valvu, vile vifuniko viwili vinavyofunguka na kufungwa juu ya silinda, kimoja kuingiza hewa, kimoja kutoa moshi. Alirudisha plagi. Aliweka sikio kwenye kabureta, upande wa kuingiza hewa, akamwambia Baba Mkubwa ashike kiki.

"Mimi? Hii iliyonivunja?"

"Haina nguvu ya kuvunja hata yai, mzee. Sukuma polepole."

Kabureta ilikuwa kimya. Katekista akazunguka nyuma, akapiga magoti kwenye udongo, akainamisha kichwa mpaka sikio lake likagusa bomba la moshi.

"Sukuma."

Haa.

Nililisikia kutoka kizingitini. Baba Mkubwa aliiachia kiki kana kwamba imemuunguza. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mwanamume, imechoka, imetoka mbali, na mwishoni ikakatika kwa mkwaruzo mdogo kooni. Katekista hakuinuka. Alibaki amepiga magoti, na alipogeuza uso niliona nywele za mkono wake zimesimama.

Mama alikuwa ametoka. Alisimama juu yake.

"Umesikia?"

"Nimesikia, min Atieno," alisema, mama Atieno kwa Kijaluo, akimwita kwa jina langu.

"Kila alfajiri naisukuma kidogo kwa mkono. Inahema. Nikiacha siku mbili, siku ya tatu inahema vibaya."

"Ni valvu ya moshi, mama. Haifungi vizuri. Hewa inapita hapo."

"Wewe unaiita valvu." Hakuwa amekasirika. "Ukiitengeneza, itanyamaza?"

"Huko itanyamaza."

"Na itawaka."

"Itawaka."

"Na mimi nitakuwa nimesema amekufa."

Katekista alisimama, akapangusa magoti. Mvua ya mchana ilikuwa imeanza, na tone la kwanza kutoka kwenye paa lilianguka juu ya tangi, kati yao wawili.

"Funga hiyo kitu, Katekista," Baba Mkubwa alisema. "Nyumba inawaangukia watoto."

"Sifungi leo."

"Wewe ni fundi ama padri?"

"Leo sijui," alisema. Akakusanya spana zake, akaziba kabureta kwa kitambaa, akapiga ishara ya msalaba, akaondoka mvuani bila kuaga. Bomba la moshi hakuliziba.

Kesho yake alirudi peke yake. Alifungua kichwa cha injini, akakigeuza juu chini kwenye gunia, akamwaga mafuta taa kidogo nyuma ya valvu ya moshi. Tulitazama mafuta yakipenya, tone baada ya tone. Akaitoa valvu. Ukingo wake, uliotakiwa kung'aa kama pete, ulikuwa umeliwa upande mmoja na kutu, umbo la mwezi mchanga. Akaiweka mkononi mwa Mama.

"Mwenyewe alipoacha kukanyaga ile asubuhi, hii ilikuwa imefunguka," alisema. "Ikakaa hivyo mvua nzima ya kwanza. Sasa sikia. Mimi si wa nyumba hii. Nikiisaga mimi, utanichukia kila Jumapili. Ukitaka ibaki, nitarudisha kichwa kama kilivyokuwa, na nitawaambia wazee imenishinda."

Nilimtazama. Mtu huyu hakuwahi kulisema neno hilo. Alikuwa akimpa Mama kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo, na alikitoa kwa uso wa mtu anayetoa jino.

Mama hakumsikiliza. Alikuwa anaigeuzageuza valvu kwenye mwanga wa mlango.

"Hii iliyokula hapa ni nini?"

"Maji. Hewa ya ziwa. Iliingia kwa bomba la moshi, ikapanda."

"Maji yalipanda mpaka hapa."

"Ndiyo."

"Mpaka pale pumzi inapotoka."

Katekista alifungua kinywa kueleza, nadhani, jinsi unyevu unavyofanya kazi kwenye chuma. Kisha akakifunga. Mama alikuwa ameketi chini. Hakulia. Alipitisha ukucha juu ya ule mwezi wa kutu, polepole, kama anayegusa kovu la mtoto, na alipoinua macho yalikuwa ya mtu aliyeletewa habari na mjumbe anayemwamini.

"Nipe hicho kijiti," alisema.

Kuisaga valvu ni kazi ya viganja. Unapaka dawa nyeusi yenye chembechembe kwenye ukingo wake, unairudisha mahali pake, unaishika kwa kijiti chenye kikombe cha mpira, kisha unapekecha, kulia na kushoto, jinsi wazee walivyopekecha moto. Mama alipekecha mchana kutwa. Katekista alikaa kando yake, akafuta, akakagua, akapaka dawa tena, akasema, "Bado." Mwanzoni chuma kilikwaruza kwa sauti ya meno. Baadaye kikawa kama mchanga, kisha kama nguo inayoburutwa, kisha sauti ikaisha kabisa na viganja vyake vilikuwa vinazunguka katika kimya. Alimwaga mafuta taa. Hakuna tone lililopenya.

Jumamosi wazee walikuja. Katekista alipima kwa kidole gumba, kikatupwa. Baba Mkubwa alirudi nyuma, akashika muundi wake. Mama aliinua gauni, akapanda, akaikanyaga kiki kwa uzito wa mwili wake wote, na ikawaka. Bati la jikoni lilitetemeka. Kuku walikimbia. Wake wa Baba Mkubwa walipiga yowe la kifo palepale, maana walijua sauti ile ina maana gani, na yowe likapokewa boma la pili, na la tatu, mpaka barabarani.

Yago ilizikwa. Padri alikuwa amekataa kulibariki tunda. Katekista alilisomea sala zote, mwanzo hadi mwisho, na udongo wa kwanza aliutupa yeye.

Baada ya hapo alituhama. Watu walisema aligombana na padri kwa ajili ya yago. Yeye aliaga kwa kusema pikipiki za Rangwe zimepona zote. Alirudi upande wa Migori. Sisi tuliezeka, kisha tukajenga. Alfajiri zilinyamaza. Mama alinenepa kidogo, akaingia katika kikundi cha akina mama wanaouza karanga, akaanza kucheka tena kwa sauti, na pikipiki akamuuzia mwalimu mmoja kutoka Kendu.

Miaka mingi baadaye, nyumba mpya ya matofali ilikamilika. Mama hakutaka padri aibariki. Alimtaka Katekista. Akanituma nimtafute.

Nilimpata mahali panapoitwa Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu ya Migori. Alitengeneza pampu za kunyonya maji mashimoni, chini ya turubai, katikati ya tope la kijivu. Alikuwa amezeeka ghafla, jinsi watu warefu wanavyozeeka, kwa kupinda. Alinipa debe nikalie, akaniuliza habari za kila mtu kwa jina. Nilipomwambia kilichonileta, aliacha kufuta mikono.

"Siwezi kuibariki nyumba hiyo, Atieno."

"Miguu inakusumbua?"

"Miguu ni mizima." Alitazama nje, mahali ambapo maji yalichuruzika kutoka ukingo wa turubai. "Kuna mtu alikuja hapa. Msimu uliopita, siku ya mvua. Pampu zote zilikuwa zimezimwa. Alisimama pale, nje kidogo ya turubai, na kofia. Aliongea Kijaluo. Akaniuliza, ile nyumba ya Rangwe yenye pikipiki, walizika? Nikasema tulizika. Akauliza, nani aliwasha? Nikasema, mke wake."

"Akasema nini?"

"Akasema, basi."

"Alikuwa nani?"

"Sikuuliza jina. Jina lingekuja, ningefanya nini nalo? Udongo niliutupa mimi." Alijishika kile kidole gumba kwa mkono wa pili. "Ningempa mkono, ningejua. Mkono haunidanganyi. Ningeangalia miguu yake kama ina tope. Sikuangalia. Sikumpa mkono na sikumpa kiti. Mimi, niliyewafundisha ninyi wote kwamba hakuna wanaotembea."

"Labda ni mtu tu. Labda alisikia hadithi."

"Labda."

"Alienda wapi?"

"Kuelekea mpakani. Taratibu. Kama mtu ambaye hana pa kuchelewa."

Mahali fulani chini yetu wachimbaji waligonga mwamba, na ardhi ilitikisika kidogo. Nilitaka kumwambia kwamba alifanya sawa, na nilitaka kumpiga. Nilipoondoka alinisindikiza hadi ukingo wa turubai. Hakuvuka mahali alipokuwa amesimama mtu yule. Aliniaga kutoka ndani.

Nilifika nyumbani jioni. Mama alikuwa kwenye veranda ya nyumba mpya, anapepeta karanga, na maganda yalikuwa yamemjaa nyweleni.

"Atakuja?"

"Hatakuja, Mama. Amezeeka."

"Lakini ulimwona."

"Nilimwona. Anakusalimia sana."

Ungo ulisimama. Maganda ya mwisho yalishuka taratibu kwenye mapaja yake.

"Ni yeye peke yake aliyenisalimia?" aliuliza.

Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, sakafu mpya ya saruji inang'aa, kavu kote.

"Ni yeye peke yake, Mama."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akasogea kwenye benchi, akanipisha nafasi nikae, na akaendelea kupepeta.